Salamu za Abasi

Mume wa binti yangu ni askari, na tangu mwaka jana yuko nje ya nchi kulinda amani. Binti yangu amerudi kukaa nami hapa Kibaha mpaka mwenzake atakapomaliza zamu yake. Asubuhi akikoroga uji utamkuta ametia visikilizio vya simu masikioni, anasikiliza sauti ya mumewe. Mara anacheka peke yake. Mara anaacha mwiko, anafuta macho kwa upindo wa kanga, kisha anaendelea kukoroga kana kwamba hakuna kilichotokea. Simuulizi amesema nini. Yale ni maneno yao wawili, yametoka kinywani mwa mmoja yakaingia sikioni mwa mwingine, na hakuna mtu aliyesimama katikati. Nikimtazama namkumbuka mama yangu. Yeye, wakati wa vita vya Kagera, hakupata neno hata moja la mumewe ambalo halikupita kwanza katika kinywa changu. Nami nilikuwa na miaka minane.

Tulikuwa tukikaa Ruvu, kwenye kota za wafanyakazi wa mitambo ya maji. Baba alikuwa dereva wa lori, na rafiki yake Abasi alikuwa fundi wa magari hapo hapo. Wote wawili walikuwa watoto wa Kurui, upande wa Kisarawe. Waliingia jando pamoja, wakaajiriwa pamoja, na kota zetu ziligawana ukuta mmoja, hata tulikuwa tukisikia Abasi akikohoa kabla hajatoka kwenda kazini. Nilimwita baba mdogo. Mkewe, Hawa, nilimwita mama mdogo, ingawa alikuwa msichana tu wakati ule, ndiyo kwanza ana mwaka mmoja katika ndoa.

Vita vilipoanza magari yalichukuliwa, na yalichukuliwa pamoja na madereva na mafundi wake. Lori la baba lilipakwa tope ubavuni mpaka rangi yake ya buluu ikapotea. Waliondoka asubuhi, baba kwenye usukani, baba mdogo Abasi kando yake ametoa mkono dirishani. Nilidhani wanakwenda kazini kama siku zote. Nilimkumbusha baba asisahau mkate, naye akasema hatasahau.

Wiki ile ile mama alifunga vitu akatuchukua, mimi na mdogo wangu wa mgongoni, tukaenda Kurui kwa bibi, mama yake baba. Hawa naye akaja nasi, akafungua nyumba ambayo Abasi aliachiwa na marehemu mama yake, hatua chache tu kutoka kwetu. Alikuwa na mimba changa, haijaanza hata kuonekana. Mama yangu alikuwa mtu wa Singida, Kiswahili chake kina lafudhi ya bara, na pale kijijini watu walimcheka wakati mwingine. Hawa hakumcheka. Walikwenda shamba pamoja, wakapanga foleni pamoja kwenye duka la kijiji siku sabuni ilipoletwa, wakagawana mche mmoja kwa kisu. Kila kitu kilikuwa haba. Kijiji kilichanga kuku na mihogo mikavu kwa ajili ya askari. Sisi watoto tulikata miti ya mihogo tukaifanya bunduki, na shuleni tuliimba nyimbo za kumtukana nduli mpaka sauti zikakauka. Mwalimu wetu, Mwalimu Penina, alituonya kila siku kwamba siri za jeshi hazisemwi, kwa sababu adui ana masikio kila mahali. Mimi nilimwangalia kwa mashaka hata muuza dagaa.

Barua ziliandikwa kwa sanduku la posta la shule, kule Kisarawe mjini. Mwalimu Penina alizichukua alipokwenda wilayani, akanipa mkononi. Zilifika zimekwisha kufunguliwa na kubandikwa upya, na baadhi ya mistari ilikuwa imepakwa wino mweusi. Sikujua kwamba kuna watu kazi yao ni kusoma barua za askari. Nilidhani baba anakosea kuandika kisha anafuta, nikamwonea aibu, maana sisi darasa la tatu tulikuwa tukiandika bila kufuta.

Mama hakujua kusoma. Hawa pia hakujua. Abasi naye alijua kufungua injini na kuifunga tena akiwa amefumba macho, lakini kalamu hakuiweza. Kwa hiyo baba aliandika kwa niaba ya wote wawili. Juu ilikuwa barua ya mama, na chini, baada ya mstari uliopigwa kwa rula, zilikuwa salamu za Abasi kwa mkewe. Tulisomea kibarazani baada ya chakula cha mchana. Mama alikaa na mtoto mapajani, Hawa alikaa mkekani akibangua korosho, vidole vimemtoka ngozi kwa yale mafuta ya ganda. Mimi nilikaa kwenye kiti, mtu mkubwa kabisa.

Baba alianza kila barua kwa maneno "Mpenzi mke wangu". Mimi niliona haya kulitamka lile neno la kwanza mbele ya bibi, nikawa naliruka, nasoma "Mke wangu" tu. Mama alikuwa akisubiri kidogo, kisha ananiambia, "Rudia hapo juu." Nikirudia naliruka tena. Hakulazimisha. Siku hizi ndiyo naelewa kwamba alijua kabisa kuna neno limebaki kwenye karatasi, na alikuwa akiniomba nimpe.

Salamu za Abasi zilikuwa fupi. Aliuliza kama paa limevuja, kama Hawa anakula, kama bado anachukia harufu ya samaki. Hawa alinitaka nizisome mara mbili, mara ya pili polepole. Baada ya hapo aliendelea kubangua, na korosho moja nzima, isiyovunjika, ilikuwa ujira wangu.

Barua ninayotaka kuieleza ilifika mimba ya Hawa ikiwa imekwisha kuwa kubwa. Mwalimu Penina alinipa siku ya Jumamosi. Njiani nilipita kisimani, nikamkuta Hawa anasubiri zamu yake ya kuchota. Aliiona bahasha mkononi mwangu, akaniomba nimtafutie tu za kwake, hizo nyingine nikamsomee mama. Nikafungua. Nikatazama chini, mstari wa rula haukuwapo. Nikapekua juu nikitafuta jina la Abasi, nikaliona katikati: "Ndugu yangu Abasi hatunaye tena."

Nilisoma mara mbili. Sikuona tabu yoyote katika maneno yale. Kama hawanaye tena, basi hayuko nao, na kama hayuko nao, yuko mahali pengine. Shuleni kwetu mwalimu wa hesabu alikuwa amehamishwa wiki mbili kabla, nasi tulikuwa hatunaye tena. Nikamwambia Hawa kwamba baba mdogo amehamishiwa gari lingine. Akauliza gari gani, wapi. Nikasema baba hakuandika. Akashusha pumzi akacheka, akasema labda wamempeleka nyuma huku kwenye karakana, maana fundi mzuri hawezi kuachwa mbele apigwe risasi. Akanisaidia kukunja barua ili nisiichafue.

Nyumbani nilimsomea mama yote. Nilipofika pale mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, safari hii bila kuruka kitu. Nikasoma: "Ndugu yangu Abasi hatunaye tena. Zaidi ya hapo siwezi kuandika. Kwa hali aliyonayo Hawa asiambiwe lolote. Mniachie mimi, nitakuja nimweleze kwa mdomo wangu."

Hapo niliogopa. Kumbe kuhamishwa kwa Abasi kulikuwa siri ya jeshi, nami nimeitoa kisimani mbele ya watu wenye ndoo. Mama aliniuliza kama kuna mtu nimemsomea. Nikaanza kulia, nikamwambia nilivyomwambia Hawa. Mtoto alimvuta kanga naye hakumtazama. Mwishowe alisema, "Umesema vizuri. Hivyo hivyo. Usiongeze wala usipunguze."

Nilimwamini. Niliona nimesifiwa. Alichukua ile barua, akaingia nayo ndani, akamwita bibi, wakafunga mlango mchana ule wa jua kali. Kuanzia kesho yake bibi alianza kumpelekea Hawa uji wa ulezi kila asubuhi, na mama alianza kumchotea maji. Nilipouliza, bibi alisema mwanamke mwenye mimba kubwa husaidiwa. Lilikuwa jibu la kweli, likanitosha.

Tatizo lilikuja barua iliyofuata. Hawa alikaa mkekani kama kawaida, tumbo limemzuia hata kuinama. Nikasoma ya mama mpaka mwisho. Hawa akanitazama akasubiri. Akauliza kwa sauti ndogo, hata huko aliko hawakutani, hata salamu hakutuma? Nilitazama ule uso wake. Nilijua Abasi anampenda, nilikuwa nimesoma mwenyewe mara ngapi. Nikaona baba ndiye mvivu, amechoka kuandikia mtu mwingine. Nikainamisha macho kwenye karatasi nikasema, "Abasi anakusalimu. Anauliza unakula."

Mama alikuwa amekaa pale pale. Aliinua kichwa, tukatazamana. Nilingoja anikaripie. Badala yake alimgeuza mtoto bega hili kwenda bega lile, akatazama barabarani.

Basi nikaendelea. Barua tatu au nne hivi, sikumbuki vizuri, nilizisoma na kuzitia salamu ambazo hazikuwamo. Abasi aliuliza paa. Abasi alisema asibebe kuni. Abasi alicheka aliposikia kwamba sasa anakula samaki. Nilikuwa hodari, nilibadilisha mpaka sauti. Hawa hakunitaka tena nirudie mara ya pili. Nilidhani ni kwa sababu nasoma vizuri zaidi kuliko zamani.

Alijifungua wakati wa masika, mtoto wa kike, mikononi mwa bibi. Siku ya saba ilifika, na mtoto hakupewa jina. Hawa alisema anataka baba yake amtajie jina mwenyewe. Bibi alijaribu kumshawishi, akasema jeshini barua huchelewa, na mtoto si wa kukaa bila jina. Hawa alikataa. Akaja kibarazani, akakaa na kichanga chake, akamwomba mama tuandike. Nikaandika kwa mkono wangu chini ya barua ya mama, nikapiga na mstari wa rula kama baba: "Hawa anamuuliza Abasi mtoto aitwe nani." Wakati naandika mama alisimama akaenda jikoni, na jikoni hakukuwa na kitu motoni.

Najaribu mara nyingine kumwona baba akiipokea barua ile, huko alikokuwa. Sijui alikaa wapi kuisoma. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko barua zake zote. Alisema amepata habari, amefurahi mama na mtoto ni wazima, yeye anategemea kupewa ruhusa, na mengine tutazungumza akija. Jina halikuwamo. Nililitafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Hawa alikuwa akimnyonyesha mtoto. Hakunihimiza, alisubiri tu. Nikasema, "Abasi anasema aitwe Saida." Lilikuwa jina la kwanza lililonijia.

Hawa aliinama akamtazama mtoto kwa muda. Kisha akasema, "Haya. Saida." Akamfunika kichwa kwa kanga, akanyanyuka akaenda kwake. Korosho siku ile alisahau kunipa.

Baba alikuja kipupwe kimeanza. Mama alikuwa uani anaanika mihogo, mimi namsaidia kugeuza vipande. Mama ndiye aliyemwona kwanza, akija kwa miguu kutoka barabara kubwa, amekonda, begi begani. Nilitaka kukimbia. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. "Ngoja," alisema. "Ana kazi kwanza."

Baba alifika usawa wa nyumba yetu. Alitazama upande wetu mara moja tu, mama akamwitikia kwa kichwa, naye akapita. Alimpita mke ambaye hajamwona zaidi ya miezi sita, akawapita watoto wake, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Abasi. Nimeona mambo mengi katika ndoa za watu na katika ndoa yangu. Sijaona tena watu wawili wakikubaliana jambo zito namna ile bila kusema neno.

Kutoka uani niliwaona. Hawa alikuwa amekwisha kutandika mkeka. Baba alivua kofia, nikamsikia Hawa akimwambia, "Karibu, shemeji. Kaa upumzike kwanza." Baba hakukaa. Alisema maneno nisiyoyasikia. Hawa hakupiga kelele. Alimpokeza baba yule mtoto, halafu akakaa yeye kwenye mkeka aliomtandikia mgeni. Aliyepiga kelele alikuwa bibi, nyuma yangu, na kilio kile kilikimbia nyumba hadi nyumba, watu wakaanza kutoka mashambani na majembe yao mkononi. Ndipo nilipoelewa maana ya hatunaye tena.

Nilikimbilia kwenye shamba la mihogo, nikajilaza chini. Zile salamu zote zilinirudia, moja moja, kwa ile sauti yangu ya kubadilisha. Nilikuwa nimemfanya maiti aulize habari za paa. Nilikuwa nimemfanya atoe jina. Mama alinikuta jioni, nimejaa mchanga usoni. Alikaa chini na nguo zake za msibani. Nilimwambia nimedanganya, na kwamba Hawa atanichukia, na Mungu pia. Mama alinifuta uso kwa kiganja. "Kosa si lako," alisema. "Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nilikuachia wewe uyabebe kwa sababu kinywa changu kilikataa."

Hatukulizungumza tena. Baba hakuniuliza kitu. Alibaki nasi siku chache, akarudi kikosini, na vita vilipokwisha akarejea kazini Ruvu, nasi tukarudi kwenye kota yetu. Upande wa pili wa ukuta walihamia watu wengine. Mama alijiandikisha kisomo cha watu wazima, akawa anakwenda alasiri na daftari langu la zamani lililobaki kurasa. Baba aliposafiri tena, safari za kawaida za kazi, barua zake mama alizisoma mwenyewe, midomo ikichezacheza, kidole kikifuata mstari. Mimi nilikaa kando bila kazi. Niliumia kidogo, sitaficha. Lakini niliona alivyotulia kwenye lile neno la kwanza, akalipita, akalirudia bila kuambiwa na mtu.

Hawa alibaki Kurui. Alilima, alibangua korosho, akaolewa tena baada ya miaka, na Saida alisoma mpaka akawa mwalimu huko huko Kisarawe. Tulionana kwenye misiba na harusi. Kila nilipomsalimia, "Shikamoo mama mdogo", aliitikia vizuri kabisa, akauliza habari za watoto wangu, nami nilitafuta sababu ya kuondoka.

Siku ya harusi ya Saida nilikosa pa kukimbilia. Wanawake wengine walikuwa nje kwenye masufuria, sisi wawili tulipewa chumba cha nyuma tuchambue mchele. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, na baba pia. Niliona kama sisemi leo sitasema tena. Nikamwambia kila kitu, tangu kisimani hadi jina. Sikumtazama, nilitazama ungo.

Hawa aliendelea kuokota mawe. Aliposema alisema kama mtu anayeeleza jambo la jana.

"Jina nilikuwa nalo, Siwema. Abasi aliniachia kabla hajaondoka. Akiwa wa kike, aitwe Mwajuma, jina la mama yake. Nilikwisha kuona mama yako hanitazami usoni, na bibi yako ananiletea uji kila siku ya Mungu. Ndiyo maana nikawaambia mwandike. Uliposoma Saida, nikajua mume wangu amekufa."

Nikamuuliza kwa nini basi alimpa mtoto jina lile, kwa nini hakumwita Mwajuma.

"Ningemwita Mwajuma, mama yako angejua kwamba nimejua. Angekuja kulia, nami ningelazimika kulia naye, na kuvaa nguo za eda. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kuzaa. Nilitaka kuwa mke wa mtu mpaka shemeji afike. Na wewe ulikuwa ukija na zile salamu." Alipepeta ungo mara mbili, pumba zikaruka. "Nilijua ni zako. Nilizisikiliza tu."

Nje waliita jina la bibi harusi, vigelegele vikapanda. Hawa aligeuza kichwa akasikiliza, kisha akanirudia mimi.

"Jina lile ulilitoa wapi?" aliuliza.

Nikamwambia ukweli. Kule Ruvu shuleni nilikuwa na mwenzangu niliyekaa naye dawati moja, tukitumia ufutio mmoja, na tulipohama ghafla sikupata hata kumuaga.

"Alikuwa mtoto mwema?"

Nikasema alikuwa mwema.

"Basi," alisema mama mdogo Hawa, akavuta ungo wangu akaumimina mchele wake juu ya wangu.